Tununue lori la Dar–Kigali au tuanzie kwingine?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Kigali: "Kaka habari, mimi niko Kigali ila kwetu ni Ngara, mama bado yuko kule. Kila mwaka naona magodauni mapya na malori yanazidi kuingia, wakati Rwanda haina bahari wala reli. Mimi na mume wangu tumeweka akiba, tunafikiria tununue kichwa na tela ya mtumba tupige ruti ya Dar–Kigali. Je hii biashara inakua kweli au ni macho yetu tu? Na mtu mdogo aingilie wapi?"

Dada yangu salama, na mumeo pia msalimie. Swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu maana nyuma yake kuna akiba ya watu wawili, kwa hiyo ntaandika kwa kirefu na uvumilie. Hii kazi ya kliaringi, yani kutoa mizigo ya watu bandarini na forodhani, na usafirishaji niko nayo zaidi ya miaka 15, nilianzia Dar nikakimbizana na makaratasi ya bandarini, nikahamia njiani, sasa niko huku juu Kigali.

Inakua, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ila usinunue lori kwanza. Ntakueleza kwa nini, na lazima nianze na jinsi ilivyokua, maana ukishaelewa hapo mengine utayaona mwenyewe.

Kutoka Dar mpaka Kigali ni karibu kilomita 1,450 hadi 1,500 kupitia Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi na Rusumo, pale mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Kutoka Mombasa kupitia Malaba na Kampala ni karibu 1,700. Hizo kilomita hazijapungua hata moja toka enzi na enzi, kilichopungua ni siku. Zamani kontena likitoka meli Dar linaandikiwa karatasi za transiti, yani za mzigo unaopita tu kwenda nchi nyingine, likifika Rusumo linakaguliwa upande wa Tanzania, linavuka linakaguliwa tena upande wa Rwanda, likifika Kigali ndio kwanza mwenye mzigo anaanza kulipa ushuru na kubishana kuhusu thamani. Na lile daraja la zamani la Rusumo lilikuwa jembamba la njia moja, gari zito linasimama linasubiri lenzake lipite. Basi Wajapani wakasaidia kujenga daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani, Rais Magufuli na Rais Kagame wakakifungua Aprili 2016, na siku hizi gari linasimama mara moja tu, ule upande linakoingia, maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja.

Kabla ya hapo kidogo, kama 2013 na 2014, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza ile himaya moja ya forodha. Hii watu hawaisemi sana lakini mimi kwangu ndio iliyobadilisha kazi yetu kuliko barabara. Mzigo wa Rwanda unafanyiwa nyaraka na kulipiwa ushuru Rwanda wakati kontena bado liko Dar au Mombasa, mamlaka ya mapato ya Rwanda ina watu wake kwenye hizo bandari, wakiachia ndio gari linatoka na linakuja moja kwa moja. Upande wa Mombasa safari ya kuja Kigali iliyokuwa inakula zaidi ya siku 20 ikashuka mpaka kama wiki. Sasa jiulize, mfanyabiashara wa mabati pale Kigali ambaye pesa yake ilikuwa inakaa njiani mwezi mzima, leo inarudi ndani ya wiki mbili, si ataagiza mara mbili? Hapo ndio malori unayoyaona yalipotokea, na magodauni pia. Ile bandari kavu ya DP World, kampuni ya Dubai, pale Masaka Kigali iliyozinduliwa 2019 imekuja kwa sababu hiyo hiyo, mzigo ukianza kuja kwa haraka lazima uwe na pa kushukia, pa kuhifadhiwa na pa kugawanyiwa.

Kwa hiyo kitu kinachouzwa kwenye hii biashara ni siku. Nakuomba ulishike hili maana hesabu zote za lori zimekaa juu yake.

Chukua gari moja. Likienda Kigali na kurudi Dar likawa tayari kupakia tena ndani ya siku 12, kwa mwaka unapata safari kama 30. Gari hilo hilo likitumia siku 20, unapata 18. Dereva ni yule yule, bima ni ile ile, rejesho la benki ni lile lile kila mwisho wa mwezi, benki haikuulizi gari lilikuwa linatembea au limesimama. Na kuendesha kwenyewe hakuchukui zaidi ya siku 3 au 4 kwenda, kwa hiyo siku zote zilizobaki ni kusubiri. Kusubiri kupakia bandarini, kusubiri karatasi, kusubiri mizani, kusubiri mteja ashushe maana godauni lake limejaa. Mwenye gari moja hana sauti kwenye hata moja ya hizo. Mwenye magari 50 ana mtu wake bandarini na ana mtu wake Rusumo, gari likikwama anapiga simu anajulikana. Wewe utampigia nani?

Halafu kuna kurudi. Rwanda inaingiza mzigo mzito kuliko inaoutoa. Vinavyoingia ni mafuta, ngano, klinka ya kutengenezea saruji, mabati, marumaru, mbolea, magari. Vinavyotoka ni kahawa, chai, madini, na siku hizi mboga na parachichi, vitu vyenye thamani kubwa lakini uzito mdogo. Kwa hiyo malori mengi yanarudi matupu. Gari zito lenye mzigo linakwenda kilomita 2 hadi 2 na nusu kwa lita ya dizeli, kwa hiyo kupanda tu kwenda Kigali unachoma lita 600 mpaka 700. Likirudi tupu linapumua kidogo, sema 3 na ushee kwa lita, lakini bado ni lita 400 na zaidi ambazo hakuna aliyekulipa, labda uwe umezibana humo humo kwenye nauli ya kupanda. Na wenzako sokoni wanaoshindana na wewe kuna wenye mzigo wa kurudi, hao nauli yao ya kupanda itakuwa chini kuliko yako na bado wanakula faida.

Hapa kuna kitu ambacho wengi wakianza hawakijui. Gari lenye namba za nje haliruhusiwi kubeba mzigo wa ndani ya nchi. Yani gari lenye namba za Tanzania likishusha Kigali likarudi tupu mpaka Kahama, linaweza kupakia mchele likashuka nao Dar, halali kabisa. Gari lenye namba za Rwanda likipita Kahama pale pale linauangalia ule mchele na kuendelea na safari. Kwa hiyo kabla hata hujauliza bei ya kichwa, kaeni chini na mumeo muulizane gari litasajiliwa wapi na kwa jina la nani, maana hilo peke yake linaweza kuamua kama mtaishi au hamtaishi. Na hata ukiwa na namba za Tanzania, kama umepanda na kontena la kampuni ya meli lazima lile boksi tupu ulirudishe Dar, limekalia tela yako, mchele utauweka wapi? Ndio maana kuna wenye tela bapa wanapenda mzigo wa kichele, yani usio ndani ya kontena, mabati, nondo, mbolea kwenye magunia, wakishusha wamebaki huru.

Na lile kontena nalo lina saa yake. Mwenye mzigo kaacha dhamana kwa kampuni ya meli na kapewa siku za kuwa nalo bure, zikiisha kila siku ni dola. Nimeona watu wanahangaika na nauli ya lori wanapunguza dola 50, halafu boksi linakaa wiki mbili uani kwa mteja kwa sababu hakuna aliyefuatilia, wanalipa mara kumi ya walichookoa.

Nikupe moja la kwangu. Miaka ya nyuma nilimsafirishia mteja kontena la futi 40, ndani kuna marumaru na vifaa vya bafuni. Kwa makaratasi uzito uko sawa kabisa. Sasa sheria ya uzito ya Jumuiya, ile ya 2016 ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, haiangalii jumla peke yake. Gari la ekseli 6 la kawaida, ekseli ya usukani mwisho tani 8, zile mbili za nyuma za kichwa tani 18, zile tatu za tela tani 24, jumla 50. Gari letu halikufika hata 47. Lakini kule lilikopakiwa walianza na masinki na vitu vya plastiki mbele, marumaru yote wakayamalizia mlangoni, kwa hiyo mzigo wote umekalia tela. Kwenye mizani jumla iko chini, tela imezidi mpaka ule msamaha wa asilimia 5 umepitwa. Mwenye mizani hana kosa, kasoma kilichoandikwa. Suluhisho ni kupanga upya mzigo, kitu cha nusu siku, ila kontena lina sili ya forodha, hulifungui mpaka afisa wa forodha aje asimamie, mpaka barua, mpaka utafute vijana wa kubeba, boksi la marumaru moja moja kutoka mlangoni kwenda mbele. Siku tatu. Dereva kalala chini ya tela na mimi nalala na simu. Toka siku hiyo sipokei kontena la mtu bila picha za upakiaji, picha ya nusu na picha ya mwisho kabla mlango haujafungwa, na mteja akikataa kutuma namwambia kwa heshima atafute mwingine.

Hicho ndicho watu wanachokilipia, dada yangu, mtu anayejua kitu kitakwamia wapi kabla hakijakwama.

Halafu tuseme ukweli kuhusu kuishi nchi isiyo na bahari: njia yako inaweza kufungwa na mtu mwingine kwa sababu ambazo hazikuhusu. Vurugu za baada ya uchaguzi Kenya mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, reli ikang'olewa Kibera, Kampala na Kigali mafuta yakaadimika. Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ukafungwa, malori yakazungushwa mpaka mwingine wa Kagitumba, ukaja kufunguliwa Januari 2022, karibu miaka mitatu. 2020 kwenye korona madereva walitakiwa wakabidhi magari mpakani Rusumo kwa madereva wengine, foleni ikawa ya siku na siku, dereva anamwachia mtu asiyemjua gari aliloliendesha miaka. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Mwanzo wa 2025 Goma kule Kongo ikachukuliwa na waasi wa M23, kisha Bukavu, na waliokuwa wanaishi kwa mzigo unaopita Kigali kwenda Kongo wakajikuta kila mkataba waliousaini ni wa kuanza upya. Anayeishi na lori moja la ruti moja akikutwa na kitu kama hiki miezi mitatu tu benki inakuja kuchukua funguo. Mwenye kazi ya nyaraka na ya kuunganisha mzigo anahamisha wateja kwenda njia nyingine, anaumia lakini hafi.

Na reli usiisahau. Tanzania treni ya umeme imeshafika Dodoma toka 2024, na vipande vya kwenda Isaka na Mwanza vinajengwa. Kipande cha Isaka–Kigali nchi mbili zilikubaliana 2018, mpaka leo kazi hiyo inafanywa na malori. Mimi sikuambii reli itafika lini Kigali. Nakwambia tu kwamba siku mzigo utakapokuja kwa treni mpaka Isaka kwa wingi, kilomita karibu elfu moja za kwanza zitaondoka mikononi mwa lori, litabaki na kama 500 za mwisho. Ukichukua mkopo wa miaka mitano wa kichwa cha safari ndefu, hilo liweke kwenye hesabu.

Sasa mtu mdogo aingilie wapi. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na mzigo wa kuchangia. Pale Kigali kuna mama anayeuza mapazia, kuna kijana wa spea za pikipiki, kuna wa vipodozi, hakuna kati yao anayejaza kontena peke yake. Wanapanda basi wanakwenda Kariakoo wananunua kwa bei ya mtu wa tatu, au wanaagiza China wanachangia kontena na mtu wasiyemjua, mzigo unafika haueleweki wa nani ni upi, mmoja akiandika thamani ya uongo kontena zima linazuiliwa na wote wanaumia. Mtu anayeweza kuwakusanya, akawaandikia kila mmoja orodha yake sawasawa, ankara za kweli, akafuatilia meli, akafungua kontena ghalani kila mtu akapata boksi zake bila kupotea moja, huyo watamlipa na watamletea dada zao. Mtaji wake ni uaminifu na simu na sehemu ya kodi ya ghala, haufiki hata nusu ya tela.

Wakati huo huo mmoja wenu asomee. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha kazi za forodha na uwakala wa mizigo, kinafundishwa kwenye nchi za Jumuiya, na ukitaka kuwa wakala mwenye leseni mamlaka ya mapato itakuuliza elimu yako. Hata kama hutafika kwenye leseni, kile kinachofundishwa mle, jinsi ya kuainisha bidhaa na kupiga thamani na masharti ya kuuziana, kitakuokoa.

Na kama moyo wako uko kwenye magari, basi ingia kwa mlango wa kurudi. Tafuta mzigo unaoshuka kabla hujatafuta gari. Kahawa kwa mfano. Kontena la futi 20 linachukua magunia 320 ya kilo 60, tani 19 na kilo 200. Kahawa haikubali boksi lolote tu. Mimi huwa naingia ndani ya boksi tupu naambia vijana wafunge milango yote miwili, nakaa gizani dakika nzima naangalia juu na pembeni, nikiona kitundu hata cha sindano kinapitisha mwanga hilo halibebi kahawa, maana mwanga unapoingia ndipo na maji yatakapoingia baharini. Halafu nanusa. Kama lilileta sabuni au mpira au samaki, kahawa itavuta hiyo harufu na mnunuzi ataikataa ikiwa imeshafika kwake, na hapo huna wa kumlaumu. Boksi lililofaulu tunalitandika karatasi nzito pande zote ndio magunia yanaingia. Sasa fikiria mtu anayejua kila wiki ni maboksi gani safi yameshushwa Kigali, ya kampuni gani ya meli, na anajua kiwanda gani cha kukoboa kahawa kinahitaji boksi lini, akawaunganisha wenye gari na wenye kahawa na kampuni ya meli ikakubali boksi lipakiwe hapa hapa badala ya kushuka tupu. Mwenye gari anapata nauli ya kurudi, mwenye kahawa anapata bei nafuu, na wewe katikati una chako. Kazi hii haihitaji lori. Msimu wa kuvuna ni kama Machi mpaka Julai na mzigo unaanza kutoka kwa nguvu baada ya hapo, kwa hiyo una muda wa kujifunza watu kabla hawajawa na haraka. Chai yenyewe inatoka mwaka mzima, hiyo itakushikilia miezi mingine.

Parachichi na mboga ni kazi nyingine, za kontena la ubaridi, lazima liwe na jenereta njiani na lisizime hata usiku mmoja, kosa moja umelipa mzigo wa mtu. Usianze na hiyo.

Ukishakuwa na wateja watatu au wanne wa kushuka ambao wanakupigia wao, hapo ndio mrudi kwenye lile wazo la kichwa na tela, na hata hapo mngeanza kwa kukodi gari la mtu kwa safari kadhaa mkaandika kila shilingi na kila saa. Mtumba nao una yake, kichwa kikija rahisi sana muulize fundi kuhusu gia boksi na difu kabla ya injini, mlima Sekenke ukitoka Singida unazijua zote mbili vizuri.

Kitu cha kwanza kabisa ambacho ningefanya hata kabla ya hayo yote, mama yako yuko Ngara, nenda ukamsalimie ukae siku tatu. Asubuhi shuka Rusumo na daftari, kaa upande wa Tanzania pale magari yanapotokea Rwanda, yale yanapohama kutoka kuendesha kulia kuja kushoto. Hesabu yanayotoka. Tela tupu utaijua hata ukiwa umeinamia daftari, inarukaruka kwenye matuta na minyororo inapiga kelele, iliyobeba inapita kimya. Andika ngapi tupu, ngapi zimebeba, ngapi za namba za Rwanda, ngapi za Tanzania, na yale yaliyobeba muulize dereva akiwa anakunywa chai amebeba nini na amekaa Kigali siku ngapi akisubiri, wanapenda kuulizwa hao. Ukirudi Kigali nitumie hizo namba zako, tukae tuzipigie hesabu pamoja ndio tuzungumze kuhusu akiba yenu.